Siku Aliyonyamaza Blandina

Harusi ya Somoe ilipangwa Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo Shemasi Hilari akaitangaza kuwa Siku ya Kimya. Hapana aliyekusudia iwe hivyo. Maalimu wa upande wa bwana harusi alikwishapiga bao la ramli akaona siku yenye heri ni hiyo. Na Shemasi, aliyekuja kisiwani Chole mara moja kwa mwaka wakati wa Kwaresima, alikuwa hana budi kuondoka Ijumaa na chombo cha serikali. Blandina, mama wa bibi harusi, alipoambiwa kwamba mambo mawili yamekutana, alisema, "Afadhali," akaendelea kupepeta mchele wake.

Wakati huo Wadachi walikuwa bado wanaitawala Mafia, na boma lao lilikuwa pale Chole, kisiwa kidogo kilicho karibu na kisiwa kikubwa. Wakristo walikuwa wachache mno: Mzee Gabrieli aliyekuwa mpishi wa bomani, askari wawili watatu na wake zao waliotoka bara, na Blandina. Wengine wote walikuwa Waislamu, wenyeji wa tangu asili, pamoja na watu wenye damu ya Kimanga, ya Waarabu wa Omani, waliokuwa na mashamba ya minazi.

Blandina hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa bara ya mbali, upande wa Nyasa, akachukuliwa angali mdogo hata sura ya baba yake hakuishika. Katika nyumba ya kwanza alikouzwa, huko Kilwa, walimwita Kijakazi. Bibi mwenye nyumba hakuwa mkali, Blandina mwenyewe alisema hivyo kila alipoulizwa. Ila alilazwa mlangoni pa chumba cha bibi, juu ya kipande cha jamvi, ili aitwapo asichelewe kuitika. Kisha akauzwa tena, na chombo kilichokuwa kikimpeleka Pemba kikakamatwa na manowari ya Waingereza iliyowinda wauza watumwa, akajikuta misheni pamoja na watoto wengine ambao hawakuelewana lugha. Huko alifundishwa kusoma, kushona na kusali, akabatizwa Blandina, na alipokua akaolewa na Ambrosi, kijana wa misheni, seremala.

Ambrosi ndiye aliyemleta Chole. Aliitwa kutengeneza milango na madirisha ya boma, kazi ya miezi ikawa ya miaka, na mtoto wao wa pekee akazaliwa hapo. Walimbatiza Monika. Hakuwa bado anatembea vizuri Ambrosi alipokufa kwa homa. Wakubwa wa misheni walileta salamu kwamba mjane arudi kwao, lakini Blandina hakurudi. Alisema kaburi la mumewe liko Chole. Tena alikuwa na Bi Hafidha.

Bi Hafidha alikuwa jirani yake, mjane kama yeye, mwanamke wa Kimanga mwenye shamba ng'ambo, upande wa Utende. Mwaka ulioingia ndui, Blandina alipatwa, akatengwa katika kibanda nje ya mji. Bi Hafidha alimchukua mtoto, akamlisha kwa mkono wake, akamlaza kitanda kimoja na yeye mpaka mama alipopona na kurudi na uso wenye mashimo. Mtoto alimkimbia mama yake siku ile, akajificha nyuma ya Bi Hafidha. Walicheka wote wawili, Blandina akicheka zaidi kuliko ilivyompasa. Ni Bi Hafidha aliyempa mtoto jina la Somoe, na mji mzima ukalifuata. Mwisho hata mama yake alimwita hivyo, na Monika likabaki jina la siku za Shemasi tu.

Somoe alipokuwa mwari, Bi Hafidha alikuja nyumbani kwa Blandina asubuhi moja, amejitanda nguo nzuri, akakaa kitako kwenye mkeka.

"Mwenzangu," alisema, "nimekuja na maneno ya heri. Hemedi anamtaka Somoe."

Hemedi alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana aliyefanya biashara ya nazi na mikeka kati ya Chole na Kilwa. Hapakuwa na mtu aliyemsema vibaya.

Blandina aliuliza, "Anamtaka awe mke, au awe suria?"

Bi Hafidha alishtuka. "Mimi ndiye wa kuulizwa hivyo? Kwa mtoto niliyemlea? Kwa ndoa, Blandina. Kwa mahari, mbele ya watu."

"Shambani kwenu wapo watu walionunuliwa."

"Wapo. Umejua hivyo miaka yote tunayokula pamoja."

"Nimejua. Na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakupenda. Lakini mimi nililala mlangoni, Hafidha. Simtoi mwanangu akaingie nyumba kama ile."

"Ataingia kwa mlango wa mbele, na watu watamwamkia."

"Na sala zake?"

Bi Hafidha aliinamisha macho. "Atasilimu. Sikumwambia mimi, wala Hemedi hakumwambia. Mwenyewe amesema."

Maneno hayo mawili, mwenyewe amesema, yalimpata Blandina mahali ambapo hakuwa na kinga. Somoe aliporudi kisimani alimuuliza kama ni kweli. Msichana alitua mtungi, akasimama mbele ya mama yake mikono ikimdondoka maji.

"Ni kweli, mama. Mimi misheni siijui. Naijua kwa maneno yako. Shemasi anakuja, anaondoka, na mimi nabaki na hawa. Nimecheza nao, nimefunzwa ndani nao. Watu wangu ni hawa."

"Na mimi?"

"Wewe ni mama yangu."

"Basi sitakanyaga harusini kwako," Blandina alisema. Alilisema kwa hasira, na baadaye alipotaka kulirudisha halikurudi. Wiki hiyo Somoe alihamia nyumba ya pili, kwa Bi Hafidha. Kutoka mlango hadi mlango ilikuwa kama kutupa jiwe, na hata hivyo siku zilipita bila mama na mwana kuonana.

Ndiyo maana aliposikia kuhusu Siku ya Kimya alisema afadhali. Alikuwa na mahali pa kujificha.

Wakristo walikuwa wakisali katika karakana ya zamani ya Ambrosi, banda la makuti lililokuwa bado linanuka mbao pembeni. Meza ya kazi, iliyokwanguliwa ikasafishwa, ndiyo iliyokuwa altare. Alhamisi alfajiri Shemasi Hilari aligonga kipande cha chuma, wakakusanyika. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mtoto wa misheni ile ile iliyowalea Blandina na Ambrosi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusema na wagonjwa.

"Ndugu zangu," alisema, "tangu sasa mpaka sala ya jioni hatutasema. Mimi nitawapa neno mara tatu, basi. Tutakula kimya, tutakaa kimya. Mwenye kupiga magoti apige, mwenye kukaa nje chini ya upenu akae. Kila mmoja aitoe siku hii kwa nia yake moja. Msiniambie mimi. Mwambieni Mungu."

Blandina alipiga magoti karibu na ukuta, akafumba macho. Nia yake alikuwa nayo tangu usiku. Alisema moyoni: Bwana, leo halitanitoka neno hata moja. Hata nikiumwa, sitalia kwa sauti. Nakupa kimya hiki chote, na wewe nirudishie mwanangu. Alikwisha kuuzwa yeye mara mbili, na labda ndiyo sababu hakuona ajabu kumwendea Mungu kwa namna ya nipe nikupe.

Jua halijapanda sana ngoma zikaanza nyumbani kwa Bi Hafidha. Kwanza kigoma kimoja, kikijaribiwa tu, kisha zote, na vigelegele juu yake. Mzee Gabrieli alifumbua jicho moja akamtazama Blandina, akalifumba tena. Mke wa askari mmoja alianza kutikisa bega pasipo kujijua, akaona haya akajizuia. Popo waliolala mitini walishtuka wakaruka juu ya mji, wakapiga kelele zao, wakatua tena.

Neno la kwanza la Shemasi lilikuwa juu ya mama aliyesimama chini ya msalaba, akamtazama mwanawe anakufa asiweze kumgusa. Alilisema kwa ufupi, akanyamaza. Pengine hakumkusudia mtu. Blandina alisikia kana kwamba ametajwa jina. Alitoka nje, akakaa chini ya upenu, mgongo kwenye nguzo. Harufu ya pilau ilimfikia, na ya udi. Alijua kila kitu kinachofanyika kule ndani kama angekuwapo: sasa wanamsinga kwa liwa, sasa kungwi anamwonya, sasa wanamtia hina miguuni, na wasichana wenzake wamemzunguka wanamtania naye anajizuia asicheke. Mahali pa mama ni karibu na kichwa. Nani amekaa hapo?

Mchana walipewa uji, wakanywa wamekaa safu moja, kila mtu akiangalia bakuli lake. Blandina aliona kimya kinamwingia taratibu, kama maji ya kujaa yanavyoingia mikokoni. Akaanza kuamini kwamba sala yake inasikiwa. Ngoma zilikuwa zimepumzika. Akafikiri, pengine wamegombana. Pengine ameghairi. Akamshukuru Mungu kabla hajapewa kitu.

Baada ya alasiri mtu alibisha mlangoni mwa banda.

"Hodi."

Hapana aliyejibu. Kwa watu wa pwani, kuisikia hodi na kunyamaza ni jambo gumu kuliko kufunga kula, na wote mle ndani walijikunyata.

"Hodi, wenyewe."

Shemasi Hilari aliinuka. "Karibu, mama."

Alikuwa Bi Hafidha. Alikuja peke yake, bila hata mtu wa kumfuata nyuma, siku ambayo nyumba yake imejaa wageni. Jasho lilimtoka chini ya ushungi. Hakuingia. Alisema kutoka pale pale kizingitini, na ingawa alimjibu Shemasi alikuwa akimtazama Blandina.

"Nisamehe, bwana. Najua mko katika ibada. Nimemfuata mwenzangu. Mtoto anamtaka mama yake ampe radhi. Hali chakula, wala hataki kadhi aitwe mpaka aipate. Amelia mpaka wanja wote umetoka. Namwomba tu aje, kisha nitamrudisha."

Shemasi alimgeukia Blandina. "Nenda, Mama Blandina," alisema kwa upole. Aliona neno hilo limetosha.

Blandina alikuwa amekwisha simama.

Walikwenda, Bi Hafidha akisema njia nzima, kwamba Hemedi ameapa mbele ya wazee hatamwolea mke wa pili, kwamba mlango wa nyumba uko wazi kwa Blandina mchana na usiku. Blandina aliitikia kwa kichwa tu. Walipoingia ndani wanawake waliokuwa ukumbini walimpisha. Katika chumba cha nyuma Somoe alikuwa amekaa juu ya mkeka mpya, miguu imenyooshwa hina ikauke, kichwa kimefunikwa. Alipomwona mama yake alijifunua mwenyewe, jambo lisilofanywa na bibi harusi.

"Shikamoo, mama."

Blandina alichutama, akamwekea mkono wa kulia kichwani. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, bado zina mafuta.

"Mama, nipe radhi yako."

Mkono ulibaki pale. Midomo ya Blandina ilikuwa imefungwa. Alifikiri: jua liko juu ya minazi, limebaki kidogo tu. Nikisema sasa, siku nzima imemwagika, na kwa ajili yake nimeitoa. Hilo ndilo alilofikiri, na alipolisimulia miaka mingi baadaye alisema palikuwa na jingine chini yake, ambalo hakulitazama vizuri: kwamba akisema, ndoa itafungwa. Hakuweza kamwe kuyatenganisha hayo mawili akajua lipi lilimziba kinywa.

"Mama?" Somoe alisema. "Hata neno moja?"

Machozi yalimtoka Blandina, yakamdondokea mwanawe begani. Alikaza mkono. Aliukaza kwa nguvu, kama mtu anayetaka kiganja chake kiseme.

"Mwanangu, leo ni siku yao ya kimya," Bi Hafidha aliingilia. "Amekuja. Amekuwekea mkono. Mkono wa mama ndiyo radhi yenyewe."

"Sikuomba mkono," Somoe alisema. "Niliomba neno."

Akajifunika kichwa. Kungwi akakohoa, akasema wakati unakwenda na hina itaharibika. Blandina aliinuka, akatoka, akapita katikati ya wanawake walioinamisha macho, akarudi kwenye banda la makuti akapiga magoti pale pale alipokuwa. Alikishika kimya chake mpaka mwisho. Kabla sala ya jioni haijaanza, ngoma zikalia tena, kwa nguvu kuliko asubuhi.

Sala ilipokwisha Shemasi alisema, "Amani iwe nanyi. Sasa tuseme." Wakaanza kusalimiana kwa aibu ya watu walioamka pamoja. Shemasi alimfuata Blandina upande wa meza.

"Ulimpa?"

"Nilimwekea mkono."

"Ukasema nini?"

"Baba Shemasi, ilikuwa siku ya kimya."

Shemasi akavuta kigogo akakaa.

"Nilikwambia nenda," alisema. "Nilidhani unajua kwamba nimekufungulia na kinywa."

"Nilikuwa nimemwahidi Mungu."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake yeye."

Shemasi Hilari alijifunika uso kwa mikono. "Mama Blandina, kimya tunakishika ili tusikie. Mtoto alipokuita, ndicho ulichokuwa umekaa kusikiliza tangu asubuhi." Akainua uso, akasema, "Kosa hili tuligawane. Nilikuwa na sauti, nikakupa neno moja wakati ulipohitaji matatu. Twende sasa hivi, nitakusindikiza."

Lakini walipotoka nje walisikia vigelegele virefu kutoka nyumba ya Bi Hafidha, vile vinavyopigwa mara moja tu, ndoa inapojibiwa. Blandina akageuka akaenda nyumbani kwake. Huko ndiko alikolia kwa sauti, na majirani wengine walidhani ni furaha ya mama.

Asubuhi alikwenda mapema. Bi Hafidha alimpokea kama dada, akamwingiza chumbani. Somoe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo mpya, asumini kichwani. Alikuwa mzuri mno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukupa radhi. Nakupa radhi kwa moyo wangu wote. Radhi ya Mungu na radhi yangu mimi niliyekuzaa. Uende nayo popote. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Blandina alingoja.

"Jana nilitaka kuisikia," Somoe alisema. Hakusema kwa ukali. Kisha akauliza, kama mwenye nyumba anavyomuuliza mgeni, "Umekunywa chochote asubuhi hii? Ngoja wakuletee kahawa."

Kahawa ililetwa. Blandina akainywa yote, ingawa hakuizoea, akarudisha kikombe.

Fungate ilipokwisha Hemedi alimchukua mkewe wakahamia Kilwa. Mabaharia walileta salamu, "Somoe anakusalimu," na Blandina aliwauliza wamemwonaje, amenenepa, amekonda, na wao walisema hajambo. Alimfumia mikeka akaipeleka kwa mkono wao. Habari ikaja kwamba amejifungua mtoto wa kike. Blandina alinuia kwenda kumwona, akashona vijinguo, akaweka nauli. Ndipo vita vilipoingia. Waingereza walishuka Mafia, Kilwa ikawa bado kwa Mdachi, na bahari ile iliyovukwa na wauza mikeka ikafungwa. Hata baadaye Mdachi alipotolewa Kilwa, vyombo vilikuwa vimechukuliwa kwa kazi za vita. Boma lilikuwa limekwisha kuhamishiwa Kilindoni kabla ya vita. Askari na wake zao walikwenda zao, Mzee Gabrieli akafa, Shemasi Hilari hakuonekana tena. Kabla hajaacha kuja alifanya Siku ya Kimya mara kadhaa. Blandina alihudhuria zote, na mtu akipiga hodi alikuwa wa kwanza kuitikia, wala Shemasi hakumkataza.

Vita vilipokwisha Hemedi alikuja. Ndevu zimemtoka mvi kabla ya wakati. Alikwenda kwanza kwa shangazi yake, kisha wote wawili wakaja kwa Blandina, na Blandina alipomwona Bi Hafidha, mzee sasa na macho yameingia ukungu, ameshikwa mkono kuongozwa, alijua.

"Ni ile homa ya mafua," Hemedi alisema. "Iliua wengi Kilwa. Haikumchukua siku nyingi."

"Nani alimwosha?"

"Dada zangu."

"Kwa maji ya vuguvugu?"

"Ndiyo, mama. Vuguvugu."

"Na mtoto?"

"Yu hai. Yuko kwa dada yangu mkubwa. Nitamleta umwone."

Blandina alikuwa na swali moja lililobaki, akawa akikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Alikuwa akinitaja?"

Hemedi alimtazama shangazi yake, kisha akatazama chini. Alikuwa mtu mkweli, na siku ile ukweli ulimwuma yeye pia.

"Nisikudanganye, mama. Hakuwa akikutaja. Ukitajwa na watu, alinyamaza."

Matanga yaliwekwa kwa Bi Hafidha. Hitima ikasomwa, na Bi Hafidha akaagiza mkeka wa mfiwa atandikiwe Blandina. Alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama wa marehemu ni huyu. Mimi nilimlea tu." Wanawake wakaja mmoja mmoja, wenye damu ya Kimanga na wenyeji, na watu wa shambani pia, wakachutama mbele yake. "Pole, bibi. Mungu akupe subira." Blandina akamjibu kila mmoja kwa maneno kamili, akamtaja jina, akamuuliza hali ya watoto. Jioni sauti yake ilikuwa imekauka.

"Pumzika, mwenzangu," Bi Hafidha alimnong'oneza. "Watakuelewa."

"Hapana," alisema. "Niache."

Hemedi alirudi Kilwa. Mtoto hakumleta. Blandina aliishi Chole miaka mingine, akifuma mikeka na kuuza, na alasiri alikwenda kukaa na Bi Hafidha, ambaye sasa alikuwa haoni kabisa, akimsimulia nani anapita njiani. Vijinguo alivyokuwa amemshonea mjukuu, mwisho alimpa mwanamke mmoja wa Utende aliyezaa pacha.